Je, wajua kwa nini rubani huizunguka ndege kabla ya kuruka?

Asubuhi katika uwanja wa ndege wa Tanga, abiria wa Pemba wameshapimwa uzito na mizigo imeshapakiwa, lakini rubani bado yuko chini anaizunguka ndege. Anapapasa bawa, anainama, anakinga kikombe cha plastiki chini ya tangi, kisha anakiinua kwenye mwanga. Mwenye haraka ananung'unika: si ilitua salama jana jioni?

Ilitua salama, kweli. Anachokitafuta rubani ni kilichotokea usiku, ndege ikiwa imelala.

Tuanze na kikombe. Tangi likiachwa nusu, sehemu ya juu hujaa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Usiku ukipoa, unyevu huo hugeuka matone ndani ya tangi, kama umande juu ya bati. Mvua ya masika nayo hupenya kwenye mfuniko uliochakaa. Maji ni mazito kuliko mafuta, basi hutuama chini kabisa. Injini inaweza kuwaka vizuri kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, ndege ikakimbia, ikanyanyuka, ndipo maji yakafika. Hakuna wakati mbaya kuliko huo: njia ya kurukia imeshaisha, na kimo cha kugeuka hakijapatikana. Ndiyo maana rubani huyatoa ya chini kwanza. Akiona tone limejitenga kama shanga, anakinga tena na tena mpaka yatoke safi. Nahodha wa jahazi angemwelewa mara moja, maana naye hatweki tanga kabla ya kutazama ngama, pale chini chomboni maji yanapotuama, na kuyafua.

Halafu kuna nyigu, wale wajengao kwa udongo. Mbele ya ndege pana mrija mwembamba unaopokea upepo ili kipima mwendo kifanye kazi. Kwa nyigu, tundu lile ni nyumba tayari. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa watu wote 189. Kipima mwendo kilikuwa kimewadanganya marubani, na wachunguzi waliona kuwa huenda nyigu waliziba mrija, kwa sababu ndege iliegeshwa bila vifuniko vya mirija hiyo. Kifuniko chenyewe ni kitu cha kutoshea kiganjani!

Hatari nyingine huwekwa na binadamu, tena kwa nia njema. Ndege ikiegeshwa, usukani hufungwa ili upepo usitikise mabawa na mkia. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Marekani, Boeing mpya ya majaribio, Model 299, iliruka kufuli hilo likiwa halijafunguliwa. Ilipanda wima, ikaanguka na kuwaka moto, wawili wakafariki. Aliyeirusha, Ployer Hill, alikuwa rubani mzoefu sana. Baada ya hapo marubani waliandikiwa orodha ya kusoma hatua kwa hatua, hata kwa yale wanayoyajua kwa moyo.

Jambo moja la orodha hiyo unaweza kulishuhudia mwenyewe. Ukipanda kwenda Pemba, kaa dirishani utazame ncha ya bawa. Kabla ya kuruka, rubani atazungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, na utaona kibao cha nyuma ya bawa kikiinuka, kikishuka.