Muswada wa mamlaka ya udhibiti: mimi naanza na Jedwali

Muswada wa kuanzisha mamlaka ya udhibiti ukichapishwa kwenye Gazeti la Serikali, wengi hukimbilia majukumu na adhabu. Mimi hufungua kurasa za mwisho, kwenye Jedwali. Majukumu hufanana kila mahali: kutoa leseni, kupanga viwango, kusikiliza malalamiko. Kwenye Jedwali ndipo panapoandikwa bodi ina wajumbe wangapi, wanatoka wapi, wanakaa miaka mingapi, akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali, ni ngapi. Halafu narudi kwenye vifungu kutafuta sentensi moja: "Waziri anaweza, kwa amri itakayochapishwa katika Gazeti la Serikali, kurekebisha Jedwali." Ikiwepo, ujue wabunge wanaweza kubishana usiku kucha juu ya muundo wa bodi, na muundo huo ukabadilishwa baadaye bila muswada kurudi Dodoma.

Sentensi hiyo haiingii kwa bahati mbaya. Karibu miswada yote ya namna hii huletwa na Serikali, na Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia jambo la kodi au la kutoa fedha Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka Rais alipendekeze kupitia Waziri. Kwa hiyo anayechora ramani ya kwanza ni wizara, na kwa kawaida wizara haichori chombo cha kuikatalia. Mbunge anabaki na maoni kwenye kamati, kisha jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko anayoyataka, wakati wa Kamati ya Bunge Zima. Hati ya dharura, ya kutaka muswada upitishwe haraka, ikiambatana nao, hata hayo hubanwa.

Mwenye wingi wa kura leo ana hesabu mbili zinazovutana. Anataka mamlaka imtii, lakini anahofia atakayekuja kesho ataikuta inatii vilevile. Anayejiamini kuwa ataendelea kutawala huacha mlango wazi: Waziri ateue, Waziri aondoe, Waziri atoe maelekezo. Asiye na uhakika huo hufunga kamba. Marekani inaonyesha vizuri. Tume ya kudhibiti masoko ya hisa ya mwaka 1934 ilipewa makamishna 5 wa vipindi vya miaka 5 vinavyopishana, na chama kimoja hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya watatu. Mwaka 2010 chombo cha kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, CFPB, kikapewa mkurugenzi mmoja asiyeondolewa ila kwa sababu maalumu, na fedha zake zikatoka benki kuu badala ya bajeti ya kila mwaka ya Bunge lao. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilikata kamba ya kwanza: Rais anaweza kumwondoa. Ya fedha ilishambuliwa pia, ikashinda mwaka 2024. Kwangu hilo linatosha kuonyesha fundo gani ni gumu.

Fedha, basi. Hapa Kigoma bei kikomo za mafuta hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, na jedwali la EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, linataja kila wilaya: Kigoma, Uvinza, Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko. Tunaangalia bei ya mwisho tu, tukilalamikia usafiri kutoka bandarini. Lakini ndani ya mchanganuo wa bei umo pia mstari wa tozo ya udhibiti. Sheria ya EWURA ya mwaka 2001 iliipa mamlaka tozo kwa wanaodhibitiwa, ikaweka ukomo wa asilimia 1 ya mapato ghafi yao. Faida yake ni kwamba chombo hakiendi kupiga hodi Hazina kila Julai. Hasara yake: kinakula kulingana na mauzo ya kile kinachokidhibiti. Tena Sheria ya Msajili wa Hazina inataka asilimia 15 ya mapato ghafi ipelekwe Mfuko Mkuu, kwa hiyo tozo unayoilipa kwenye lita haibaki yote kwenye udhibiti.

Jambo linalonikera zaidi ni kurundika kazi. SUMATRA, mdhibiti wa zamani wa usafiri, ilibeba mabasi, reli na meli pamoja. Sasa nchi kavu ni ya LATRA kwa sheria ya mwaka 2019, na majini ni ya TASAC kwa sheria ya mwaka 2017. Kwa abiria wa boti anayepandia Kibirizi kwenda Kagunga, huo ni mgawanyo mzuri: anayekagua boti na maboya ya kujiokolea hana basi la kumshughulisha. Ila sheria hiyohiyo, ilipotungwa, iliipa TASAC pia haki ya pekee ya kugomboa mizigo fulani, madini na silaha zikiwemo. Mdhibiti akiwa pia mfanyabiashara, kila uamuzi wake utasomwa mara mbili hata akiwa msafi. Waliotaka hivyo walikuwa na hoja, kwamba mizigo nyeti isiachwe kwa kila wakala. Mimi ningeipa kazi hiyo taasisi nyingine.

Wakati mwingine mabadiliko hayaji hata kwa muswada wenye jina la mamlaka. Mfungashaji wa mawese wa Kigoma alikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ikahamishia chakula na vipodozi TBS, yaani shirika la viwango, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kwa hiyo muswada wa fedha wa Juni usomwe mpaka sehemu za nyuma, baada ya kodi.

Mwisho naangalia rufaa. Kwa EWURA, LATRA na TCRA, mdhibiti wa mawasiliano, rufaa huenda Baraza la Ushindani, chombo kilichoanzishwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kampuni kubwa ina wakili wa kumtuma; mwenye kituo kimoja cha mafuta Kasulu hana. Ndiyo maana mabaraza ya ushauri ya watumiaji yaliwekwa, na hapo pia uliza anayeyalipia ni nani.

Ukitaka kupeleka maoni kamatini, usiandike "bodi iwe huru". Andika namba ya kifungu, maneno ya kufutwa, na maneno ya kuwekwa badala yake. Kwenye ile sentensi ya kurekebisha Jedwali, kwa mfano, baada ya "Waziri anaweza" ongeza "kwa idhini ya Bunge kwa azimio". "Baada ya kushauriana na bodi" haitoshi: akishashauriana anaweza kufanya alilotaka tangu mwanzo.