Muvi ya Wachina ya kuanzishwa kwa chama: mtazame yule mama mwenye mwavuli

Mi kazi yangu ni kuediti, nakata na kuunga picha kila siku, na kuna muvi moja ya Kichina watu kibao wananiambia imewashinda, wanaanza wanaishia katikati. Inaitwa Jian Dang Wei Ye, ilitoka Juni 2011 Chama cha Kikomunisti cha China kilipokuwa kinatimiza miaka 90, madairekta wake ni Han Sanping na Huang Jianxin. Lalamiko ni lilelile: sura nyingi mno, hujamzoea huyu kashaondoka kaingia mwingine.

Ngoja niwaeleze kwa nini imekaa vile. Mastaa mle ndani wanapita 100, na stori inaanzia mapinduzi ya 1911 yaliyomng'oa mfalme wa China inaenda mpaka 1921, miaka 10 kwa saa 2 na dakika chache, sasa hapo nafasi ya kumtambulisha kila mtu utaitoa wapi? Kwa hiyo uso wa staa ndo unamtambulisha mhusika. Mchina akimwona Chow Yun-fat ndani ya magwanda ya Yuan Shikai, jenerali aliyekuja kuwa rais, anajua papo hapo huyu mzito, akimwona Andy Lau kama Cai E, jenerali aliyemwasi Yuan alipojifanya mfalme, anajua asimame upande gani. Hao wawili hata sisi tumewajulia kwenye mabanda ya video, lakini waliobaki kwetu ni wageni, ndo mana tunapotea.

Kwa hiyo usihangaike na sura zote. Shika uzi mmoja tu, ule mkutano wa mwisho, wa kuanzisha chama.

Julai 23, 1921, wajumbe 13 wanakutana Shanghai nyumbani kwa kaka yake mjumbe mmoja, Li Hanjun, mtaa ulio chini ya Wafaransa. Nchi nzima wanachama ni hamsini na kitu! Chen Duxiu, ambaye ndo atachaguliwa kiongozi, hayupo, Li Dazhao, mwanzilishi mwenzake, naye hayupo, na Mao, anayechezwa na Liu Ye, ni kijana wa miaka 27 anayeandika yanayosemwa. Julai 30 usiku anaingia mtu wasiyemjua, anaangaza macho, anasema samahani nimekosea nyumba, anatoka. Mholanzi mmoja aliyetumwa na Moscow, Maring, anashtuka palepale, anasema tawanyikeni sasa hivi. Muda si mrefu polisi wa Kifaransa hao, wanapekua nyumba nzima, na rasimu ya programu ya chama iko kwenye droo ya meza na hawaioni. Mi nikifika hapo mikono inanitoka jasho kila mara, yaani karatasi moja tu, wangeivuta ile droo basi.

Sasa aliyewatoa kwenye hilo balaa ni Wang Huiwu, mke wa mjumbe Li Da. Yeye ndo alisema twendeni mji wa Jiaxing, kule alisoma anakujua, akakodi mashua ziwani Nanhu, akaweka na mahjong, mchezo wa mezani wa Kichina, ili mtu akisogea waonekane watu wamekuja kula raha, af yeye akakaa nje mbele ya mashua kulinda. Kwenye muvi anamcheza Zhou Xun, na ile picha yake na mwavuli juu ya maji yenye ukungu naipenda kuliko maandamano yote ya wanafunzi ya Mei 4, 1919 yaliyotangulia. Baada ya saa 2 za kurukaruka picha inatulia, jicho linapumua.

Muvi inakomea hapo kwa hiyo yaliyofuata hutayaona. Katika wale 13, Oktoba 1, 1949, China mpya ilipotangazwa pale Tiananmen, Beijing, walisimama wawili tu, Mao na Dong Biwu. Chen Gongbo aliishia kuitumikia serikali ya vibaraka wa Wajapani, akapigwa risasi 1946. Hata tarehe yenyewe, sisi Saba Saba ya TANU kila mtu anaijua, wao Julai 1 kama siku ya chama waliichagua baadaye, 1938, kwa sababu wakati huo siku kamili hakuna aliyekuwa anaikumbuka.

Na ile mashua ya kweli ilishapotea. Inayoonekana pale Nanhu leo ilitengenezwa 1959, na mmoja wa walioulizwa ilikuwaje ni Wang Huiwu, yuleyule aliyekaa nje.