Thamani Unayoiandika kwenye Fomu ya Bima ya Gari

Sentensi inayosikika kuliko zote katika dawati la madai ni hii: "Lakini mimi nina bima kubwa." Husemwa kwa mshangao na mtu aliyepokea fidia pungufu, na mara nyingi chanzo ni tarakimu aliyoiandika mwenyewe siku alipokata bima. Imani kwamba mwenye gari anaweza kushusha thamani ya gari ili apunguze ada, kisha akalipwa hasara yote mradi tu isizidi thamani hiyo, imenichosha kuisahihisha.

Tuchukue gari ambalo bei yake sokoni ni shilingi milioni 20. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, ada yake kabla ya VAT ni shilingi 700,000. Mwenyewe akiandika milioni 12, ada hushuka hadi 420,000, naye huondoka akijipongeza kwa kuokoa 280,000. Siku akiparamia ukingo wa barabara, akavunja bampa, taa na rejeta, gereji ikaandika gharama ya milioni 5, hudhani kwamba amefunikwa kabisa. Kwa mkataba wenye kifungu cha uwiano, aliyekatia bima sehemu tatu kati ya tano za thamani hulipwa sehemu tatu kati ya tano za hasara, yaani milioni 3, tena kabla ya kuondolewa kiasi ambacho mkataba unamtaka ajibebee katika kila dai. Hoja kwamba milioni 5 ni ndogo kuliko milioni 12 haimsaidii, kwa kuwa zile sehemu mbili zilizobaki alichagua kuzibeba yeye.

Wapo wanaotumbukia humo bila ujanja wowote. Aliyeagiza gari lililotumika kutoka Japani huja na ankara ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandarini, akasahau kwamba ushuru na kodi alizolipa bandarini Dar es Salaam nazo ni sehemu ya gharama ya kupata gari jingine kama lile. Wengine hukosea upande wa pili: huhuisha bima kwa thamani ileile ya miaka mitano iliyopita, ilhali gari likiibwa kampuni hulipa bei ya soko ya siku ya tukio, hata kama hati inataja zaidi. Nimeshauri mara nyingi, na wengi huona ni usumbufu, kwamba kabla ya kuhuisha bima mtu aulizie katika yadi mbili bei ya gari la aina hiyo na la mwaka huo, kisha ahifadhi picha za gari lake pande zote, pamoja na dashibodi inayoonyesha kilomita.

Mengine hayahitaji maelezo marefu. Bima ndogo, ambayo ndiyo kiwango cha lazima kisheria, hulipia madhara unayowasababishia wengine. Bampa lako mwenyewe halimo, na hakuna wakala anayeweza kuliingiza kwa ahadi ya mdomo. Kuoneshwa stika nako hakutoshi, kwani uhalali wa bima huhakikiwa kwa namba ya usajili wa gari katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kazi ya dakika moja ambayo ingefanywa kabla ya kuachia fedha.

Kuhusu gari la matumizi binafsi linalobeba abiria wa kulipa jioni na mwishoni mwa wiki, sielewi kwa nini mtu hulificha jambo ambalo abiria mwenyewe atalieleza polisi siku ya ajali. Matumizi yasiyotajwa kwenye mkataba ni sababu tosha ya dai kukataliwa, na ndivyo ilivyo pia kwa dereva asiye na leseni ya daraja husika. Anayevuka mpaka kwenda Kenya au Zambia na Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayotambuliwa katika nchi zilizomo kwenye mpango huo, naye afahamu kwamba kadi hiyo hushughulikia madhara kwa watu wengine na matibabu ya dereva na abiria wa gari lake, si gari lenyewe. Uharibifu wa gari lake akiwa huko hutegemea mkataba wake wa nyumbani unataja maeneo gani.

Wala si kweli kwamba barua ya kukataliwa ndiyo mwisho wa dai. Kampuni hulazimika kueleza kifungu ilichokitumia, na asiyeridhika anaweza kulifikisha shauri lake kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, akiwa na hati ya mkataba, risiti ya ada, taarifa ya polisi na barua yenyewe.