Je, eneo lililofungwa kwa uvuvi ni hasara kwa mvuvi?

Kila panapotajwa kufungwa kwa sehemu ya maji, iwe Matema au kwingineko katika mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, hoja ni ileile: eneo likipungua, samaki nao watapungua mjini Mbeya. Hesabu hiyo ingefaa kwa shamba la viazi, ambalo mazao yake hayahami.

Samaki huvuka mpaka. Katika hifadhi ya bahari inayolindwa kwelikweli, samaki huishi muda mrefu na kunenepa, na jike mkubwa hutaga mayai mengi kupita kiasi cha tofauti ya uzito wake na ule wa mdogo. Viluwiluwi, yaani samaki wachanga waliotoka kwenye mayai, huchukuliwa na mikondo, huku baadhi ya wakubwa wakihamia nje, ambako kuvuliwa kunaruhusiwa. Katika kisiwa cha Apo, Ufilipino, ambako sehemu ya mwamba ilifungwa mwaka 1982, watafiti waliona mavuno ya ndoano yakiongezeka karibu na mpaka baada ya miaka mingi.

Miaka mingi, nasisitiza, kwani mwanzoni mvuvi hupoteza kweli, na kumficha jambo hilo si haki. Faida pia hutegemea aina ya samaki: chewa wa miamba hunufaika kuliko jodari anayesafiri mbali. Vivyo hivyo mbasa wa Ziwa Nyasa, anayepanda mitoni kutaga, hatasaidiwa sana na boya zilizowekwa ziwani kuonyesha eneo lililofungwa ikiwa nyavu zinaziba mlango wa mto.