Kusahihisha kwa mkono nyuso za ubongo zilizochorwa na FreeSurfer: dhana potofu na ukweli

FreeSurfer, programu iliyotengenezwa Kituo cha Martinos cha Hospitali Kuu ya Massachusetts huko Marekani, hupokea picha ya MRI ya aina ya T1 na kuchora nyuso mbili kwa kila upande wa ubongo. Uso wa ndani ndio mpaka wa dutu nyeupe (nyuzi za ndani ya ubongo) na gamba la kijivu (tabaka lake la juu), na uso wa nje ni ukingo wa gamba lenyewe. Umbali kati yake ndio unene wa gamba, ambao kwa mtu mzima ni wastani wa milimita 2.5 hivi. Kwa kipimo kidogo namna hiyo, mstari (ndivyo uso unavyoonekana kwenye kipande cha picha) ukikosea kwa nusu milimita tayari umeharibu matokeo.

Dhana: kusahihisha ni kuusogeza mstari uliokosea

Mstari hauguswi. Huo ni matokeo tu. Kinachosahihishwa ni faili zinazouzaa: brainmask.mgz (ubongo uliovuliwa fuvu), wm.mgz (ramani ya dutu nyeupe), au nukta za udhibiti (alama unazoweka kuiambia programu kuwa hapo ni dutu nyeupe) zinazohifadhiwa kwenye tmp/control.dat. Baada ya hapo programu huchora upya yenyewe. Na kwa kuwa uso wa nje huanzia kwenye uso wa ndani na kusukumwa kwenda nje, kagua wa ndani kwanza. Zote mbili zikiwa zimekatika mahali pamoja, tatizo liko ndani, na kuhangaika na brainmask hakutasaidia kitu.

Dhana: dutu nyeupe ikikosekana, ipake tu kwenye wm.mgz

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kupaka kunaonekana njia ya mkato. Kabla ya kushika brashi, soma thamani ya mwangaza wa vokseli (kijisanduku kimoja cha picha). Programu hulinganisha mwangaza ili dutu nyeupe iwe karibu na 110. Ukikuta eneo ambalo kwa hakika ni dutu nyeupe, mathalani kwenye ncha ya lobu ya temporali (sehemu ya ubongo iliyo karibu na sikio), linasoma 90 na kitu na uso wa ndani umelikimbia, kosa ni la mwangaza na dawa yake ni nukta za udhibiti. Weka chache, zitawanye kwenye vipande kadhaa vya picha, na kila moja ikae katikati ya dutu nyeupe kwenye vokseli iliyo chini ya 110. Hakiki kwa mitazamo yote mitatu. Nukta ikiangukia mpakani, vokseli yenye mchanganyiko wa nyeupe na kijivu hupandishwa hadi 110 pamoja na jirani zake, uso wa ndani unasukumwa kuingia kwenye gamba, na unene unapungua bila ugonjwa wowote.

Kupaka kuna mahali pake. Kidonda ndani ya dutu nyeupe, kama vile vinavyoonekana kwa wazee, au chumba cha maji ya ubongo ambacho hakikujazwa, huwa na giza la kweli. Usiweke nukta hapo, maana utaulazimisha mwangaza uliokuwa sahihi. Jaza wm.mgz.

Dhana: kufuta ni kufuta, thamani yoyote inatosha

Kwenye wm.mgz, vokseli uliyoongeza hutambuliwa kwa thamani 255 na uliyofuta kwa 1. Kwenye brainmask, iliyofutwa pia ni 1. Kwa alama hizo programu hujua kuwa ni kazi ya mkono na kuilinda inaporudia hatua. Ukiandika 0 ukidhani umefuta kabisa, raundi inayofuata inaweza kuirudisha vokseli kama hukufanya kitu. Tumia zana ya kuhariri recon iliyo ndani ya Freeview (programu ya kutazamia picha inayokuja na FreeSurfer), nayo huweka thamani hizo yenyewe.

Dhana: mabaki yote ya fuvu na utando lazima yasafishwe

Kama uso wa nje haukuyameza, yaache. Futa pale tu mstari ulipopanda juu ya utando mgumu wa ubongo au mshipa, na usile gamba. Fuvu likibaki kwa wingi, usifute kipande kwa kipande: rudia kuvua fuvu kwa recon-all, amri kuu ya programu, ukiweka -skullstrip -wsthresh na kushusha kizingiti chini ya 25, ambacho ndicho cha kawaida. Kama ubongo wenyewe umekatwa, kipandishe. Ukiwa na picha ya T2 (aina nyingine ya MRI) ya mtu huyohuyo, -T2pial hutenganisha utando na gamba vizuri kuliko mkono.

Vivyo hivyo, usipoteze muda na mistari inayopita ovyo kwenye hipokampasi na amigdala, sehemu zilizo ndani ya lobu ya temporali. Nyuso hazikukusudiwa kuwa sahihi hapo.

Dhana: baada ya kila sahihisho, endesha yote upya

Hapana, kila sahihisho lina amri yake. Nukta za udhibiti: recon-all -s jina -autorecon2-cp -autorecon3. Marekebisho ya wm.mgz: -autorecon2-wm -autorecon3. Brainmask kwa ajili ya uso wa nje: -autorecon-pial. Ukiwa umefanya aina zaidi ya moja, chagua amri inayoanzia hatua ya mapema zaidi, itazipitia zinazofuata. Usiongeze -clean, kwani hiyo hutupa kazi ya mkono.

Dhana: uso usio na tundu ni uso sahihi

Kila uso wa mwisho hauna tundu, kwa sababu programu huyaziba. Cha kutazama ni idadi kabla ya kuziba, iliyoandikwa SurfaceHoles ndani ya aseg.stats. Nambari ya Euler (kipimo cha umbo la uso) ya upande mmoja ni 2 ukitoa mara mbili ya matundu: matundu 15 yanatoa −28. Itumie kuamua nani akaguliwe kwanza, ila usichukue kikomo kilichowekwa kwa picha za mashine nyingine ya MRI. Wakati mwingine vokseli moja iliyounga kuta mbili za mfereji (bonde la mkunjo wa gamba) ndiyo chanzo. Ifute kwenye wm.mgz.

Dhana: mkono makini unaweza kuokoa picha yoyote

Mtu akitikisa kichwa ndani ya mashine, gamba huonekana jembamba kuliko lilivyo, na hakuna nukta inayorudisha ukingo uliofifia. Picha hiyo iondolewe. Zinazobaki zihaririwe kwa kanuni moja iliyoandikwa, na mhariri asijue nani mgonjwa na nani mzima. Ukiwahariri wagonjwa peke yao, umetengeneza tofauti kwa mkono wako. Toleo la programu na kompyuta pia visibadilike katikati ya utafiti: mwaka 2012 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kuwa kubadili toleo la FreeSurfer, au hata mfumo endeshi, hubadilisha vipimo vya picha zilezile.