Mbona nesi ananiuliza jina kila akija na dawa?

Ukilazwa wodini siku tatu tu utakua umeulizwa jina lako mpaka umechoka, na nesi ni yuleyule, jana mmepiga stori za watoto mpaka mkacheka, leo kaja na trei ya dawa anakuuliza tena unaitwa nani. Wagonjwa wengi wanakasirika na mi siwalaumu.

Ila angalia anavouliza. Hasemi "wewe ndo Mariamu?" Mtu mwenye homa, au mzee asiyesikia vizuri, au uliyemuamsha sasa ivi, ukimuuliza ivo ataitikia chochote. Mi mwenyewe ni nesi, nikiwa bado mgeni kazini niliita jina, mama mmoja akaitika abee, nikaanza kufungua vidonge vya kushusha presha, kuja kusoma bangili ya hospitali yenye jina mkononi kumbe Mariamu mwingine kabisa, kaletwa usiku, na presha yake ilikua chini tayari. Hakumeza, namshukuru Mungu. Toka siku ile nauliza jina lako kamili nani na umezaliwa lini, alafu nalinganisha na bangili na karatasi ya dawa. Namba ya kitanda siiamini, watu wanahamishwa vitanda kila siku.

Chuoni tunafundishwa vitu vitano viwe sahihi: mgonjwa, dawa, dozi, njia ya kuitoa (kumeza au sindano) na muda. Wengine siku izi wameongeza vikafika kumi, sawa tu, ila kuvikariri sio shida. Shida ni saa mbili asubuhi, simu inalia, ndugu wa mgonjwa anauliza dripu inaisha saa ngapi, na wewe uko katikati ya kupiga hesabu ya dozi ya mtoto. Ndo maana hospitali nyingine nesi anayegawa dawa anavaa kizibao kinachosema asisumbuliwe. Akikunyamazia hajakudharau, anahesabu.

Na hesabu yenyewe inataka utulivu. Mtoto anapewa dawa kwa kilo zake, nukta ikikaa vibaya sehemu moja tu kapata mara kumi ya alichotakiwa. Mtu akiandika 1.0 na nukta ikafifia inasomeka 10, akiandika .5 bila sifuri mbele inasomeka 5, kwa iyo tunasisitiza 1 na 0.5 basi. Insulini, dawa ya kushusha sukari, ndo balaa, ile herufi U ya yuniti ikiandikwa mbiombio inafanana na sifuri, 4U inakua 40, na mgonjwa sukari inashuka mpaka anazimia. Andika yuniti, neno zima, hata kama una haraka.

Kwa dawa kama izo, insulini, heparini ya kuzuia damu kuganda, morfini ya maumivu makali, potasiamu ya kuchanganya kwenye dripu, wanahesabu manesi wawili kila mtu kivyake. Sio mmoja amwoneshe mwenzie "ni hii si ndio?" manake ukishaoneshwa jibu na macho yako yanaliona lilelile. Potasiamu kali ikipigwa kwenye mshipa bila kuzimuliwa inasimamisha moyo, na vichupa vyake vinaweza kufanana na vya maji ya sindano, kwa iyo wodi nyingi hairuhusiwi kukaa kabatini kabisa.

Sasa dawa ishaingia mwilini, watu wanadhani kazi imeisha, kumbe apo ndo macho yanatakiwa. Mfano mama mwenye kifafa cha mimba anayechomwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Kabla ya kila dozi nesi anakaa pale anahesabu pumzi dakika nzima, zisipungue 16, anagonga goti aone mguu unaruka, anaangalia mfuko wa mkojo kama amepata angalau mililita 30 kwa saa kwa yale masaa manne yaliyopita. Dawa iyo inatoka kwa mkojo, mkojo ukipungua inajazana mwilini, na goti linaacha kuruka kabla pumzi hazijaanza kuzima. Goti likigoma, dozi haitolewi, daktari anaitwa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga iyo magnesiamu, inatakiwa iwe karibu na kitanda tayari, sio stoo iliyofungwa kufuli. Kwa morfini dalili ya kwanza ni usingizi, yani mgonjwa anasinzia katikati ya sentensi, ndugu wanafurahi kapumzika, nesi anaanza kuhesabu pumzi.

Aleji nayo tunaitafuta kwa maswali. Mtu akisema penisilini inanikataa namuuliza ilikufanyaje, kuharisha kidogo ni kitu kingine, kuvimba midomo na kubanwa kifua ni kitu kingine kabisa. Ukijiona unawashwa mwili, koo linabana au moyo unaenda mbio mara tu baada ya sindano, sema palepale, usisubiri raundi. Na dawa unazotumia nyumbani zilete zote au zitaje, mpaka za mitishamba, hatukusemi.

Madhara yakitokea tunajaza fomu, hata kama hatuna uhakika ni dawa. Thalidomaidi, iliyokua inapewa wajawazito kwa kichefuchefu, iliondolewa sokoni kwenye nchi nyingi kuanzia 1961 baada ya watoto kuzaliwa na viungo vifupi, na kutokana na janga lile Shirika la Afya Duniani lilianzisha 1968 mpango wa kukusanya taarifa za madhara ya dawa kutoka nchi mbalimbali, leo kituo chake kiko Uppsala, Sweden. Fomu moja peke yake haisemi kitu, zikiwa nyingi zinasema.

Alafu kuna ile mgonjwa anasema "nesi, jana kidonge kilikua cheupe, hiki mbona cha njano?" Nesi mzuri hakwambii meza tu. Anakirudisha kwenye trei, anaenda kusoma karatasi upya. Mara nyingi atarudi akueleze ni dawa ileile kiwanda tofauti. Siku nyingine atarudi na kidonge kingine.