Kanuni ya theluthi mbili katika msukosuko wa hewa na maji

Pima kasi ya upepo wenye vurugu mahali pawili kwa wakati mmoja, sehemu ya pili ikiwa sentimeta chache mbele ya ya kwanza, kisha toa kasi moja kwenye nyingine. Tofauti hiyo hupanda na kushuka bila mpangilio. Lakini ukiipandisha kipeo cha pili na kuchukua wastani wa vipimo vingi, utaratibu hujitokeza: wastani hukua kama umbali uliopandishwa kipeo cha 2/3. Umbali ukiwa mara 8, wastani unakuwa mara 4. Andrei Kolmogorov, mwanahisabati wa Urusi, aliitoa kanuni hii mwaka 1941.

Inatoka wapi? Nishati huingia kupitia mizunguko mikubwa. Hiyo huvunjika ikazaa midogo, nayo midogo zaidi, hadi mnato uigeuze nishati kuwa joto. Lewis Fry Richardson wa Uingereza alikwisha kuieleza picha hii mwaka 1922. Kolmogorov aliongeza kwamba mizunguko ya ukubwa wa kati haina tena alama ya kilichoizaa, iwe nguzo ya daraja au mlima, na mnato nao bado haujaigusa. Kinachobaki ni ε tu, yaani nishati inayopita kwa kila kilo kwa sekunde, yenye vizio vya m²/s³. Ili ε na umbali r vitoe m²/s², vizio vya kasi iliyopandishwa kipeo cha pili, njia ni moja: ε^(2/3) × r^(2/3).

Mpaka wa chini wa ukubwa huo wa kati, ambako mnato huanza kutawala, ni η = (ν³/ε)^(1/4), ν ikiwa kipimo cha mnato. Kwa hewa, ν ni 1.5 × 10⁻⁵ m²/s. Thamani ya ε ikiwa 0.01 m²/s³, η ni karibu milimita 0.76. Mpaka wa juu ni ukubwa wa mizunguko mikubwa yenyewe, na kanuni hufanya kazi mbali na mipaka yote miwili. Ndiyo maana kwenye bomba dogo, ambako namba ya Reynolds (uwiano wa nguvu ya mwendo na ya mnato) ni ndogo, mstari mnyoofu hauonekani kwenye grafu ya logi (yenye vipimo vya logariti pande zote mbili): hakuna nafasi ya kati ya kutosha. Watafiti Grant, Stewart na Moilliet waliupata mstari huo vizuri kwenye mkondo wa maji ya bahari huko British Columbia, Kanada, katika matokeo ya mwaka 1962.

Kupima kasi, kwa kawaida hutumika waya mmoja mwembamba uliopashwa moto, na muda hugeuzwa umbali kwa kuuzidisha na kasi ya wastani. Mabadiliko ya kasi yakikaribia ukubwa wa wastani wenyewe, hesabu hiyo huharibika. Waya mrefu kupita η nao hufuta mizunguko midogo.

Vipeo vya juu ndivyo vigumu zaidi. Ukiipandisha tofauti ya kasi kipeo p badala ya 2, hoja ya 1941 inasema wastani hukua kama umbali uliopandishwa kipeo cha p/3. Kwa p = 3 jibu ni 1 kamili, nalo linathibitika kutoka milinganyo ya Navier–Stokes, inayoeleza mwendo wa hewa na maji. Kwa p = 6 tungetarajia 2, lakini vipimo vinatoa karibu 1.8. Sababu ni kwamba nishati haigeuki joto sawasawa kila mahali. Hujikusanya kwenye vipande vichache vyenye nguvu kubwa, jambo ambalo Kolmogorov mwenyewe alilishughulikia mwaka 1962. Wastani wa kipeo cha sita hutawaliwa na matukio hayo adimu, kwa hiyo rekodi fupi hutoa kipeo cha uongo hata mstari ukionekana mnyoofu. Kabla ya kukiamini, zidisha kila tofauti iliyopandishwa kipeo p na uwezekano wake wa kutokea, kisha chora: ikiwa mkunjo haujashuka hadi karibu na sifuri pande zote mbili, data bado haitoshi.